Harusi ya Mwikali na Sufuria Yangu ya Pilau

Nakumbuka siku niliyobeba sufuria ya pilau kuipeleka kwenye harusi ambayo bwana harusi mwenyewe alikuwa mpishi. Cheka, mwanangu, cheka mapema, maana huko mbele hakuchekeki sana.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nikilea watoto wa watu hapa Doha siku sita kwa juma. Ya saba, Ijumaa, nililala. Wenzangu walitoka kutembea. Mimi nilijua njia mbili tu, ya kwenda kazini na ya kutoka kitandani hadi jikoni. Tulikaa mtaa wa Abu Hamour, nyumba moja iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba kumi na kimoja. Changu nilichangia na Mwikali, nesi, msichana wa Mwingi aliyefiwa na mama akiwa bado shuleni. Aliniita Anti. Nilimtania, naye akanitania, nikadhani kupendana ni huko tu.

Mwikali akapata mchumba, Otieno, aliyepika katika mkahawa wa Kiitaliano. Mkuu wake wa jikoni alikuwa mzee wa Puglia, kule kusini mwa Italia, na mzee huyo akaahidi kuwapa karamu kama ya kijijini kwake. Si nyama choma, si chapati. Tambi ndogo zenye umbo la sikio, zinazofinyangwa moja moja kwa dole gumba, zikapikwa na mboga chungu, ndugu ya managu. Na kwao, akasema, kazi hiyo hufanywa siku moja kabla ya harusi na wanawake wa upande wa bibi harusi, wote meza moja. Kiti cha mbele ni cha mama.

Mwikali alinikuta nikikunja nguo. "Anti, kesho alasiri utanikalia kile kiti?"

"Nikae nifinye unga kama mtoto wa chekechea? Na hizo mboga chungu, ngoja uone, Otieno mwenyewe ataomba ugali."

Akacheka kidogo. "Basi njoo tu ukae. Si lazima ufinye."

"Nitafanya la maana kuliko kukaa. Mkono mtupu haulambwi."

Ona jinsi mjinga anavyojificha nyuma ya methali! Alhamisi niliomba ruhusa kazini; wao wakawa uani kwenye meza ndefu, mimi jikoni nakaanga vitunguu, najisifu. Ijumaa tulipotoka kanisani nikafunua sufuria yangu. Harufu ya pilau haina adabu, mwanangu. Wageni waliokuwa wameshika sahani wakageuka mmoja baada ya mwingine. Tambi walizofinyanga wanawake watano alasiri nzima zikapoa kwenye sinia, na yule mzee akabaki amesimama na upawa wake, hana wa kumpakulia. Mwikali alikula sahani ya kwanza ya tambi, akaongeza ya pili, akitafuna polepole kama mtu anayemalizia kazi ya wengine.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Baadaye baba yake alipiga simu kutoka Mwingi, maana alikuwa ametumiwa picha ya ile meza ya Alhamisi. Nikamsikia binti akijibu, "Hapana, baba. Huyo aliyekaa mahali pa mama ni jirani. Anti alikuwa na kazi."

Anti alikuwa na kazi! Alinistiri mbele ya baba yake, siku ya harusi yake mwenyewe.

Nilimwomba msamaha miezi minne baadaye, kwani mimi hata kwenye msamaha ni mzito wa kutoka nyumbani. Alinisamehe. Lakini harusi ile hairudiwi, na kwenye picha ile mimi simo.

Kwa hiyo sikiliza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami siku zile nilijikwaa vyote viwili. Mtu akikuomba ugenini ukae mahali pa mama yake aliyelala kaburini, usitazame kilichoko mezani. Chakula kikikushinda, kunywa maji, tabasamu, usiondoke. Usimpe unachokiweza wewe wakati yeye ameshakutajia anachokihitaji. Sisi tulio mbali na kwetu hatuna shangazi wa akiba.

Mungu akujalie watu wa kuketi kwa niaba ya wako utakapokuwa mbali, na akupe magoti mepesi siku utakayoombwa wewe. Meza yako isipungukiwe.

Na kama maneno yangu yamekuwa marefu, basi chukua ya Mama Nakato, Mganda wa chumba cha jirani, ndiye aliyekaa kile kiti. Tulikuwa tunaosha vyombo vya karamu, mikono yake imo kwenye povu, akanitazama akasema:

"Wewe Kamene, pilau nimekula sahani mbili, sikudanganyi. Lakini mtoto alitaka mama, wewe ukamletea sufuria."