Kidole Gumba cha Bwana Shamba

Bwana shamba huvua viatu kabla ya kuingia kwenye matuta, kana kwamba anaingia sebuleni kwa watu. Kila Jumanne huteka maji ya kisima kwa kikombe, akachovya kipimo chake cha chumvi, akakigeuza ili mama mwenye shamba aone kioo, kisha akamsomea namba polepole kama mwalimu wa chekechea. Ana sauti ndogo. Mama humtania kwamba hata mchicha haumsikii, naye hucheka akiangalia chini. Misimu mitatu wameinua matuta, wamemwaga samadi, wametandaza majani makavu na kubadilisha mbegu, na misimu yote mitatu chumvi ya bahari imezidi kupenya chini kwa chini. Sasa limebaki tuta moja linalonyweshwa kwa kisima hiki. Mama ameshasema kwamba hili nalo likifa, atafunga virago aende kukaa kwa mkwewe, ambako hata sufuria hataruhusiwa kushika.

Jumanne hii bwana shamba alichovya kipimo, akakitazama, akafunika kioo kwa kidole gumba.

"Mbona leo hunisomei, mwanangu?"

"Betri imekwisha, mama."

Alikipangusa kipimo kwa pindo la shati, akakipangusa tena, na kidole hakikuondoka pale kwenye kioo. Mama alichovya kidole chake kwenye kikombe, akakilamba.

"Yangu haijaisha," alisema. Akainama, akavikung'uta mchanga viatu vya bwana shamba, akamsogezea.