Ni maji, au ni mikono ya bibi?

Kwa muda mrefu nimejiuliza: kwa nini nywele za binti yangu hukauka kabla ya adhuhuri, ilhali kila asubuhi nazipaka mafuta ya nazi?

Leo Zuhura, mwenye miaka minane, aliona chanuo tu akaanza kulia.

"Mama, ninyoe basi."

Nilikuwa nimekwisha kushika mkasi mama mkwe alipoingia, akitokea Mikindani. Alizigusa zile nywele, akacheka.

"Mama Zuhura, na kusoma kote huko! Mafuta hayaleti maji, yanazuia tu yaliyomo. Wewe umefungia ukavu ndani."

Akazilowesha kwanza. Akapaka mafuta yangu yale yale, akasuka mabutu.

Zuhura akasinzia mapajani mwake. (Kwangu hukimbilia uani.)

Sasa ni alasiri, bibi ameshaondoka, na nywele bado ni laini.

Ningependa kuhitimisha kwamba siri ni maji. Lakini huenda ni ile mikono iliyochana taratibu. Vyote viwili vilibadilika kwa pamoja.

Kwenu ni kipi, wenzangu?

Nilikusudia kujaribu mwenyewe kesho, ila Zuhura ameficha chanuo mpaka bibi yake arudi.