Ganzi Iliyokataa Kushika

Nilichanika wakati kichwa cha mtoto kilipotoka. Nesi akaniambia kidonda ni cha kushonwa, lakini kwanza atanidunga sindano ya ganzi. Ilikuwa asubuhi, katika kituo cha afya kule Timau, na baridi yetu mnaijua. Nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa ameketi, amempakata mtoto wangu.

Huyo mama alinitia hofu kuliko sindano. Kwetu Wameru mwanamke hapigi kelele leba. Akilia, habari zinafika sokoni kabla yake. Yeye kazaa saba, na hachoki kusema hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Mimi nami nilikuwa nimezaa bila hata kuguna. Sasa nishindwe na uzi?

Nesi alidunga, akangoja kidogo, akanifinya na koleo. "Unasikia?"

"Sisikii," nikadanganya. Ujinga wangu mwenyewe, sina wa kulaumu.

Mshono wa kwanza niliuma leso. Wa pili niliona giza, na mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe. Nesi akaweka vyombo chini.

"Mama, hii ganzi haijashika. Sema ukweli nikuongeze dawa. Ukijikaza hivi nitashona vibaya, na kuketi kutakuwa shida miezi mingi."

Nikaangalia pazia. Chini yake niliona viatu vya mama mkwe, vimetulia tuli. Hasira zilinipanda: kwa vile viatu, kwa nesi, kwangu mimi. Nitamnyonyeshaje mtoto kama siwezi kuketi?

"Nasikia," nikasema, tena kwa sauti. "Nasikia yote, tangu mwanzo."

Nesi akaongeza dawa, na mara hii akangoja mpaka pakafa kabisa. Aliposhona nilisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anashona gunia nililolikalia. Hapo ndipo nililia, na sikujali nani ananisikia.

Alipomaliza akafungua pazia. Mama mkwe akaingia na mtoto, nami nikajiandaa kwa maneno yake. Hakuniangalia. Alimuuliza nesi, polepole, kama dawa hiyo ilikuwako wakati yeye alipomzaa kitinda mimba wake na kushonwa hapa hapa.

"Ilikuwako, shosho. Kwani hawakukuuliza kama unasikia?"

"Waliniuliza," akasema.