Wembe wa Kitanda cha Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, Metroni hakunipa sindano wala kipimajoto. Alinipa wembe, kipande cha sabuni na bakuli la maji ya moto, akanipeleka kwa mzee mwenye ngiri. Kwenye faili daktari alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza: shevu.

"Unajua maana yake?" Metroni aliniuliza.

"Ni kunyoa."

"Kunyoa ni kwa kinyozi. Hapa maana yake ni kuondoa nywele zote panapopasuliwa, na upana wa kiganja kizima kuzunguka hapo. Ukibakiza moja, daktari ataniita mimi, na mimi nitakuita wewe."

Nilikuwa binti wa Tlawi, mikono imezoea jembe na chuchu za ng'ombe, sijawahi kumwona mtu wa rika la baba yangu bila nguo. Nikamwamkia shikamoo. Akafumba macho, akaitikia marahaba, nikaanza. Ngozi unaivuta kwa mkono wa kushoto, wembe unaulaza, unafuata nywele zinakolalia. Siku hizi wauguzi wanatumia mashine ndogo, maana wembe unachubua na mchubuko unakaribisha vijidudu. Sisi hatukuambiwa hayo. Tulisifiwa kwa ngozi inayong'aa.

Mimi nilisifiwa kuliko wote, na sifa zikanipumbaza. Mwaka wa sita nikahamishiwa wodi ya upasuaji ya wanawake, chini ya Sista wa Wodi, mama mkavu ambaye maneno kwake yalikuwa kama dawa, anakupimia.

Huko ndiko waliletwa mke na mume, wafugaji kutoka bondeni, upande wa Hirbadaw. Lori lililowatoa mnadani lilipinduka. Mume, Gidagurja, alivunjika paja, akalazwa wodi ya wanaume, mguu umefungwa uzito, hawezi kushuka kitandani. Mke, Udamara, alikuwa na jeraha kichwani, akalazwa kwangu, kitanda cha nne. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Kila asubuhi aliniuliza neno moja tu: "Mume?" Nami nilimjibu: "Mzima."

Siku ya tatu daktari akaamua kumpasua ili aondoe kipande cha mfupa. Akaandika shevu. "Kichwa chote, na haraka," Sista akasema, "wanamsubiri." Sindano ya usingizi ilikuwa imeshamkolea. Nikamnyoa, kichwa kikatakata.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaoanza kazi. Kwao, mke aliyefiwa na mume hunyolewa kichwa, na anayemnyoa ni mtu wa ukoo, akishamweleza. Msidhani sikujua. Hata kwetu Tlawi nilimwona bibi yangu akinyolewa babu alipofariki. Nilijua kabisa, na bado nilinyoa. Nilimfikiria daktari anayesubiri, sikumfikiria mwanamke atakayeamka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Asubuhi akaamka, akapeleka mkono kichwani, akapita bandeji, akafika kisogoni. Mkono ukabaki pale pale. Siku hiyo hakuuliza. Mimi ndiye niliyesema, "Mama, mume mzima." Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekudanganya kwa sababu anakuhurumia. Kisha akaanza kuvua bangili zake za shaba, moja moja, akaziweka chini ya mto.

Nikamkimbilia Sista. "Tumbebe kwa machela akamwone mume wake, hata dakika moja."

"Mtu aliyepasuliwa jana hasogezwi. Kesho."

"Sista, anadhani amefiwa."

"Nimesema kesho."

Ningeweza kumbeba bila ruhusa. Nilikuwa na nguvu, na korido ilikuwa fupi. Nikarudi kupanga trei. Mchana, saa ya kuona wagonjwa, wodi ikajaa watu, na walipotoka Udamara alitoka nao. Alikuwa anakwenda nyumbani kuomboleza. Kesho yake walimkuta kando ya njia ya Hirbadaw, amefariki.

Gidagurja alipewa habari akiwa kitandani. Kisha akauliza, "Nani alimnyoa mke wangu?"

"Ni utaratibu wa tiba, mzee," akajibu Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali. Nilikuwa nyuma yake nimeshika trei.

Baadaye nilihamishwa mara tatu, mwisho Masakta. Kote huko sikugusa nywele za mtu kabla ya kumweleza, yeye na ndugu zake, hata kama ni mtoto wa wiki moja. Wenzangu wakaniita Mama Hotuba. Daktari mmoja kijana akaniuliza kwa nini ninamchelewesha, nikamwambia huo ndio ufundi wenyewe. Zaidi ya hapo sikumwambia, niliona aibu.

Nilistaafu nikarudi Tlawi kwenye shamba letu. Mwaka jana mume wangu akafariki. Wifi yangu akaja na wembe.

"Sema kwanza," nikamwambia.

"Si unajua?"

"Najua. Sema hata hivyo."

Akasema, "Kaka amefariki." Nikainamisha kichwa.

Wiki iliyofuata nikapanda basi hadi Hirbadaw, nikaulizia. Gidagurja yupo, mzee sana, anachechemea. Nikamwamkia. Akatazama kichwa changu.

"Umefiwa na nani?"

"Mume."

"Pole. Nani alikunyoa?"

"Wifi yangu. Alinieleza kwanza." Nikaongeza, "Mke wako nilimnyoa mimi, kule hospitali. Sikumweleza. Na ulipouliza nilikuwepo."

Alinitazama hadi nikashindwa kuinua macho. Akamwambia mkwewe anipe maziwa, kisha akachukua fimbo yake akawafuata ng'ombe. Nilikunywa maziwa, nikakaa. Mkwewe akasema basi la mwisho linapita saa kumi. Nilisubiri hadi saa kumi kasoro dakika chache, na ng'ombe niliwaona kwa mbali, lakini yeye hakurudi.