Nilimkimbiza baba mkwe kwenye migomba na sabuni ya Krismasi

Wakuu, poleni na majukumu. Leo nawaletea kituko changu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na aibu yote ni yangu. Chekeni tu, mimi nilishacheka.

Mimi ni Mnyaturu wa Singida, nimeolewa na Mnyakyusa, tunaishi Tukuyu mjini. Mume wangu tumwite Lusajo. Wazazi wake wako Kinyala. Jina la baba yake silitaji, na mbele mtaelewa kwa nini.

Sasa tangu niolewe kulikuwa na jambo moja linaninyima raha. Baba mkwe alikuwa hanipendi.

Ndivyo nilivyoamini. Nikiingia mlango wa mbele, mzee anatoka mlango wa nyuma. Nikisalimia, anajibu akiwa ameshafika kwenye migomba. Nikipika mimi, chakula anaenda kulia zizini. Uso wake nilikuwa siujui vizuri, nilijua mgongo na koti la kijivu.

Nikimuuliza Lusajo ananiambia, "Mzee ndivyo alivyo, mzoee." Wanaume jamani! Unalala unawaza umekosa nini kwa watu, mwenzio anakoroma.

Nikasema Krismasi hii lazima kieleweke. Mzee atanipenda, atake asitake.

Nilikuwa nimejifunza kutengeneza sabuni za kipande kwa mama mmoja ninayesali naye. Tunatumia mawese ya Kyela, mafuta ya parachichi na kostiki. (Msikurupuke kwa kuangalia video mtandaoni. Kostiki inaunguza, vaeni glavu.)

Shida ya Tukuyu ni mvua. Sabuni inatakiwa ipumzike wiki kadhaa ikauke, na Desemba huku hata soksi hazikauki. Nikazipanga juu ya kabati nikawa nazigeuza kila siku. Lusajo akaanza kulalamika kwamba hata chai ya nyumbani inanuka sabuni. Nikamwambia anywe maji.

Kila mtu kwao nilimwandalia yake. Ila ya baba mkwe ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Niliitia maziwa na mchaichai, nikaifunga kwa jani kavu la mgomba na kamba ya mgomba. Ilipendeza kuliko keki ya harusi yetu, na keki ile ilitugharimu.

Krismasi asubuhi tukafika Kinyala kabla ya ibada. Nikaanza kugawa. Mama mkwe akanusa yake akafumba macho, "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana." Wifi yangu Tumpe akaenda kuificha yake hapo hapo.

Baba mkwe? Mlango wa nyuma.

Leo hapana. Nikachukua kipande chake nikamfuata.

"Shikamoo baba! Subiri nikupe zawadi yako!"

Akaitika marahaba bila kugeuka, akaongeza mwendo. Na mimi nikaongeza. Wakuu, mzee akaanza kukimbia. Mzee wa watu, koti la ibada, viatu vimeshapigwa kiwi, anakata kona kwenye migomba na tope lile la mvua. Mimi nyuma yake, kitenge nimekishika magotini, napiga kelele, "Baba, ni sabuni tu! Ya kuogea!"

Akazama zizini, akajifunika koti kichwa chote, akajibanza nyuma ya ng'ombe.

Hapo ndipo nikashtuka kwamba kuna kitu sikijui. Nikaiweka sabuni juu ya nguzo ya zizi nikarudi. Ukoo mzima ulikuwa umejaa mlangoni. Tumpe alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza.

Mama mkwe akanishika mkono mpaka jikoni.

"Gwe mwanangu, kwenu mkamwana anamfukuza baba mkwe?"

"Mama, nilitaka kumpa mkononi tu, kwa heshima."

"Heshima ya huku ni kukaa mbali. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, na jina lake hulitaji. Mimi baba yake huyu mzee wangu amezikwa sijawahi kumtazama usoni. Wewe unamkimbiza na sabuni ya kuogea, tena unatangaza!"

"Sasa mbona Lusajo hakuniambia?"

"Lusajo amesoma bweni tangu mdogo, anajua nini? Na wengine siku hizi wameacha. Huyu wangu ndiye king'ang'anizi."

Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba siku zote. "Kwa hiyo hanichukii?"

Mama akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda. "Akuchukie? Angekuwa anakuchukia angekaa pale pale akutumbulie macho!"

Nililia, wakuu. Muda wote ule nilikuwa naheshimiwa na mimi nanuna.

Lakini furaha haikudumu. Sasa ndiyo nilikuwa nimemkosea kweli, tena Krismasi, mbele ya watoto wake wote. Wenzangu wakaenda ibadani, mimi nikabaki namenya ndizi na kupanga namna ya kumwambia Lusajo turudi mjini mapema.

Waliporudi nikasikia sauti nje ya ukuta wa mbao wa jikoni. Mzee alikuwa anaongea na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe, mwambie mwenye sabuni kwamba leo nimeoga mpaka nimechelewa ibada. Mwambie kwamba mzee mwenzangu kanisani, yule anayekaaga mbali na mimi kwa harufu ya zizi, leo kasogea mwenyewe kwenye benchi. Mwambie nashukuru sana. Ila asinikimbize tena, magoti yameisha."

Tumpe, aliyekuwa ameingia kunisaidia ndizi, alianguka chini kwa kicheko. Mimi nikafuta machozi, nikaigeukia sufuria ya ndizi.

"Na wewe sufuria, mwambie ng'ombe amwambie baba, Krismasi njema. Na viatu vyake nitavipiga kiwi upya."

Nje nikasikia mtu anacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake.

Tangu siku hiyo nikienda Kinyala naacha sabuni juu ya nguzo ya zizi. Nikitaka kuondoka nakuta pale mayai au parachichi, yamefungwa kwa jani la mgomba, na kamba ni ile ile niliyofungia sabuni. Hatujawahi kukaa meza moja, lakini tunaelewana kuliko mimi na Lusajo.

Nilichojifunza: ukiolewa ugenini, kabla hujasema hupendwi, uliza kwanza wenyeji wanapendaje. Na usimuulize mume, muulize mama yake.

Wanyakyusa mliomo humu, hii bado ipo kwenu au mzee wangu amebaki peke yake? Na nyie mlioolewa mbali, mwageni vituko vyenu hapa, nisichekwe peke yangu.

Wikiendi iliyopita tulikwenda tena. Naingia mlango wa mbele, mzee akatoka mlango wa nyuma kama kawaida. Sebule nzima ilikuwa inanukia mchaichai.