Siku Niliyofungia Watu Wote

Aibu nyingine mtu huizika, lakini hii yangu ilipita kwenye redio ikasikika kutoka Lokichoggio mpaka Lodwar, basi heri niieleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na dereva Ekal, ambaye huongeza chumvi.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa kijana wa kompyuta kwenye shirika moja Kakuma (yaani nilisoma kozi fupi Kitale, na kupangusa vumbi kulikuwa kazi yangu pia), na ndotoni nilishakuwa injinia. Asubuhi moja mkubwa wangu, Madam Kerubo, akaniambia, "Kijana, hii folda ya barua za safari kila mtu anaingia kama kisimani. Nataka mimi na wewe tu."

Nikaandika majina yetu mawili, nikayapa ruhusa kamili. Chini yake palikuwa na neno Everyone, watu wote, na ningelifuta tu yangeisha, lakini nikaona kufuta ni kama kurudisha mlango bila kufuli, basi nikaliacha na kulipiga marufuku kabisa. Kwetu chifu akisema watu wote watoke, yeye si anabaki kwa kiti?

Kompyuta haijui chifu. Madam akajaribu kufungua, akakataliwa. Nikajaribu mimi, nikakataliwa.

Saa hiyohiyo akaingia Mama Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan, amemshika mkono bintiye aliyefungwa kitambaa jichoni. Daktari wa macho alikuwa Lodwar siku hiyo tu, barua yao ya kupita vizuizi ilikuwa ndani ya ile folda, haijachapishwa, na msafara wa magari yenye askari ulikuwa umeshawasha injini.

"Ita Lodwar," Madam akasema, bila kuniangalia.

Fundi wetu wa Lodwar, Bwana Lokwang, akajibu kwa redio na salamu ya Kiturkana, "Ejok, Kakuma. Shida gani? Ova."

"Nimefungia watu wote folda, na mimi siingii. Ova."



"Kwani wewe si mtu? Ova."

Vicheko vikaingia kutoka stesheni ambazo sikujua zinasikiliza. Mmoja akauliza kama ni mtu au mbuzi. Madam akatazama dari. Mama Nyandeng hakucheka, alikuwa akisikiliza injini za magari, na mimi nikaona afadhali ardhi inimeze.

"Sikiza, kijana," Lokwang akasema. "Folda uliitengeneza wewe. Hata ukikatazwa kuingia, kubadilisha ruhusa bado unaweza. Futa hao watu wote, usiwakataze. Ova."

Nikafuta. Ikafunguka. Printa ikaanza kulia polepole kama punda mgonjwa, na nje injini zikaondoka, moja baada ya nyingine, mpaka pakawa kimya. Mama Nyandeng akakaa chini sakafuni.

Ndipo redio ikakwaruza. "Kakuma, hapa Ekal, niko kwa gari la mbele. Tumesikia yote. Askari wamecheka mpaka wamesimamisha msafara hapo kizuizini. Leteni huyo mama, na huyo mwenye si mtu aje tumwone."

Nikakimbia na barua mkononi, mtoto mgongoni, mama nyuma yangu. Askari wakanipigia saluti. Mama Nyandeng akapanda, akaniambia, "Malesh, mwanangu," yaani pole kwa Kiarabu, na wakaenda.

Tangu hapo sifungi kitu kabla sijajihesabu na mimi.