Sauti ya Marehemu Kinywani Mwangu

Kosa langu la kwanza la ujana lilikuwa kutaka kuwa mtu aliyekufa, tena bila dosari. Nakumbuka vizuri ule mchana kijijini kwetu Nuu kosa hilo lilipoanza kunitisha.

Mdogo wangu, wazee wangekuita mwanangu, lakini mimi bado ni kijana. Nilipewa jina la babu yangu, Muthama, mwinjilisti aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu Ukambani unajua mambo yalivyo: ukipewa jina la mzee, wewe ndiye mzee. Nyanya yangu, tunayemwita Susu, alinitania tangu utotoni, "Mume wangu, umekula?" Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliona ni kazi nimepewa, na nikipewa kazi situlii mpaka iwe sawa kabisa.

Kulikuwa na kaseti ya mahubiri yake. Niliisikiliza peke yangu mpaka nikajua pale anapovuta pumzi, pale anapokohoa. Nilipoomba kanisani, wazee walilia. "Muthama amerudi," walinong'ona. Nikafurahi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini nani angeniambia?

Mchana huo jua lilikuwa limenyamazisha hata kuku. Susu alikuwa ndani akipepeta ndengu. Nikakohoa langoni kama babu, nikasema kwa sauti yake, "Nimefika."

Ungo ukanyamaza. Kisha sauti ya Susu, changa kama ya msichana, ikajibu kutoka ndani, "Mbona umekawia?"

Susu akatoka mbio, mikono mbele, na tabasamu ambalo sikuwahi kuliona. Aliponitambua, uso wake ukazeeka tena mbele ya macho yangu.

Nilitaka kumwomba msamaha. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya babu. Nikajaribu tena. Ya babu. Nikafumba macho niombe kimoyomoyo, na hata huko ndani aliyekuwa akiomba hakuwa mimi.

Susu akanishika mashavu kwa viganja vyenye vumbi.

"Wewe ni nani?"

"Muthama."

"Muthama nilimzika. Nauliza wewe."

Nikakohoa, na kikohozi kilikuwa cha babu.

"Kwani Mungu aliishiwa na udongo, ndio atutumie mtu wa zamani?" akasema kwa ukali. "Yule alikuwa wake. Na wewe ni wake. Enda umuulize yeye wewe ni nani. Na usiniletee tena mume wangu hapa kwa boma."

Akarudi ndani. Nikamsikia akilia.

Nikapiga magoti pale mchangani. "Yesu," nikasema, "sina sauti." Maneno yalitoka membamba, yakikwamakwama. Nywele zilinisimama, maana sauti hiyo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Ilikuwa yangu.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Mwiga tembo hupasuka msamba, hata kama tembo mwenyewe alikuwa mtu wa Mungu. Jina la mzee lipokee kwa heshima, imani yake uifuate, lakini usisimame mbele za Mungu ukiwa umevaa mtu mwingine. Yeye alikujua kabla ukoo haujakuchagulia jina. Hakuombi ukamilifu wa marehemu. Anataka uje wewe, na kasoro zako. Kristo akuite, nawe ukisikia ujue bila shaka kwamba ni wewe unayeitwa.

Siku hizi naomba kwa sauti yangu. Hakuna anayelia kanisani. Nikikosea neno, naendelea.